Darubini ya 8x42 kutoka Birere, baada ya miezi kumi na minne ya kutambua helikopta juu ya mapaa ya Himbi

Darubini ninayoieleza hapa ni ya macho mawili, ile ambayo wengi wetu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, huiita jumeli kwa kufuata Kifaransa. Niliinunua Novemba 2023, kwa dola 85, katika duka dogo la Birere linalouza simu, betri na kamera zilizokwisha kutumika. Sikuinunua kwa ajili ya kutazama ndege wa porini wala mpira wa miguu. Niliinunua kwa sababu helikopta za kijeshi zilikuwa zikipita chini sana juu ya mtaa wetu wa Himbi, nyakati nyingine chini kiasi kwamba mabati yalitetemeka na vikombe vikagongana kabatini, na kila zilipopita watu wa nyumbani waliniuliza swali lile lile ambalo sikuwa na jibu lake: ni ya nani hiyo?

Katika mji huu swali hilo si la udadisi mtupu. Uwanja wetu wa ndege haukujengwa mbali na watu kama ule wa Kavumu, ambao uko zaidi ya kilomita 20 kutoka Bukavu. Umebanwa na nyumba, na mtu wa Birere, Majengo au Bujovu huamka na kulala kando ya njia ya ndege. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo ya abiria ilianguka juu ya makazi ya watu mara tu baada ya kuruka, ikaua zaidi ya watu 20, na tangu siku hiyo ninao majirani ambao hutoka nje na kutazama juu kila wanaposikia injini yenye mlio wasioujua. Ukiongeza vita juu ya hayo, uzito unazidi. Waliokuwepo Novemba 2012 wanakumbuka kwamba helikopta za Umoja wa Mataifa zilifyatua upande wa Kibumba, na siku chache baadaye waasi wa M23 wakaingia mjini. Kwa mtu aliyepitia hayo, mngurumo unaokaribia ni habari inayofika kabla ya redio, tena habari isiyo na maelezo, na habari isiyo na maelezo hujazwa na hofu.

Basi nilikwenda Birere nikiwa na haja moja tu, ya kuweza kuona rangi, alama na umbo la kitu kinachopita kwa sekunde chache juu ya paa langu, nikiwa barazani kwangu.

Muuzaji, kijana mwenye heshima, alianza kwa kunionyesha darubini zenye lenzi nyekundu zinazong'aa kama kioo cha nyuma cha pikipiki, zilizoandikwa 20x50 na nyingine namba kubwa zaidi ambazo sikuziamini. «Papa, chukua hii ya ishirini, inavuta mpaka Idjwi,» aliniambia. Alikuwa akisema kwa nia njema, kwa kuwa wateja wengi hupima darubini kwa namba ya kwanza, ile inayosema kitu kitasogezwa karibu mara ngapi; ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Hapo ndipo ninapotaka kumzuia msomaji, kwa sababu hilo ndilo kosa ambalo nusura nilifanye mwenyewe, na kwa kazi hii ya helikopta za chini ni kosa linaloufanya ununuzi wote uwe bure.

Namba ya kwanza inapokua, sehemu ya anga inayoonekana ndani ya darubini hupungua. Darubini yangu ya 8x42 ina upana wa nyuzi 7.5 za pembe, maana yake kwa umbali wa mita 1000 inakuonyesha eneo lenye upana wa mita 131 hivi. Darubini ya kawaida ya 20x50 ina upana wa nyuzi 3 na kidogo, yaani mita 55 hivi kwa umbali huo huo. Sasa fikiria helikopta inayokwenda kilomita 200 kwa saa, mwendo ambao helikopta nyingi za kijeshi huufikia bila shida: hiyo ni mita 55 kwa sekunde. Ikipita ubavuni mwako kwa umbali wa kilomita moja, itavuka dirisha la darubini ya 20x50 kwa sekunde moja tu iwapo mikono yako imetulia, na dirisha la 8x42 kwa zaidi ya sekunde mbili. Sekunde mbili zinatosha kwa mkono kuanza kuifuata. Sekunde moja haitoshi hata kwa jicho kuelewa linaona nini, achilia mbali kwamba kwa ukuzaji wa mara 20 kila mtetemo wa mkono na kila pigo la moyo vinakuzwa mara 20 pia, na picha nzima inacheza kama maji.

Ikipita juu kabisa ya nyumba, kwa kimo cha mita 150, hesabu inakuwa kali zaidi. Kwa umbali huo dirisha la 8x42 lina upana wa mita 20 tu, na helikopta ya usafirishaji ya Mi-8 yenye mapanga yanayozunguka ina urefu wa mita 25, kwa hiyo haienei ndani yake. Hapo darubini iteremshe, utumie macho yako ya kuzaliwa. Nililijua hilo kwa hesabu kabla ya kununua, maana nafundisha fizikia, lakini nililielewa kweli siku ya kwanza niliponyanyua darubini juu ya kichwa na kuona tumbo la kijivu likipita kama ukuta, kisha anga tupu, bila kujua nimeona nini.

Kabla ya kulipa nilifanya majaribio mawili ambayo muuzaji aliyakubali bila kinyongo, na ninampa sifa kwa hilo, kwa kuwa maduka mengine hukataza kifaa kutoka mlangoni. La kwanza, niliishika darubini mbali na uso kwa urefu wa mkono, nikaielekeza kwenye mwanga wa barabarani, nikatazama vidoa viwili vya mwanga vinavyoonekana kwenye lenzi za jicho. Kidoa kikiwa cha duara kamili, vioo vya ndani vimetengenezwa kwa kioo kizuri; kikiwa na kivuli kando kando kinachokifanya kifanane na pembe nne, kioo ni cha hali ya chini, na mwanga wa pembeni unapotea. Zile nyekundu zilionyesha pembe nne. Hii yangu ilionyesha duara. La pili, nilizitazama nyaya za umeme zilizopita juu ya barabara, nikaisogeza darubini polepole mbali na macho huku nikiendelea kuzitazama. Waya mmoja ukigawanyika kuwa nyaya mbili, moja juu na nyingine chini, mapipa mawili ya darubini hayatazami mahali pamoja, na kifaa cha namna hiyo kitakuumiza kichwa ndani ya dakika kumi. Watu watatu wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, walisimama kunitazama, na mmoja akaniuliza kama ninataka kununua umeme.

Bei ilianza dola 110. Tulikubaliana 85, na noti moja ya dola 20 ilikataliwa kwa sababu ya mchaniko mdogo pembeni, jambo ambalo kila mkazi wa Goma analijua na hakuna haja ya kulilalamikia hapa. Karatasi ya dhamana sikupewa. Kitambaa cha kusafishia na mfuko laini vilikuwemo.

Nyumbani, jambo la kwanza ni kuirekebisha kulingana na macho yako, na wengi hawalifanyi kwa sababu hakuna aliyewaonyesha. Unafumba jicho la kulia, unazungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione kitu cha mbali bila ukungu. Kisha unafumba la kushoto, na badala ya kuligusa gurudumu la katikati unazungusha pete iliyo kwenye lenzi ya jicho la kulia mpaka nalo lione sawasawa. Baada ya hapo, kwa helikopta, mimi huiacha darubini ikiwa imelengwa mahali pa mbali, ncha ya kilima au mnara wa simu, na siigusi tena. Kitu chochote kilicho mbele zaidi ya mita mia kadhaa kitaonekana vizuri. Anayeanza kuzungusha gurudumu wakati helikopta imeshatokea ameshaikosa.

Kisha kuna sikio, na hili lilinichukua wiki nyingi kulijifunza. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Helikopta iliyo umbali wa kilomita mbili, ikipita kutoka kushoto kwenda kulia, mlio wake unakufikia sekunde sita hivi baada ya kutoka kwenye injini, na ndani ya sekunde hizo sita yenyewe imesonga mbele zaidi ya mita 300. Ukiielekeza darubini mahali mlio unapotoka, utaona mawingu tu, kwa kuwa nyuzi tisa zinazotenganisha mlio na chombo ni nyingi kuliko upana wote wa dirisha lako. Tazama mbele ya mlio. Itafute kwanza kwa macho matupu, usiyabandue macho yako juu yake, halafu uilete darubini kwenye uso, wala si uso kwenye darubini. Nilipoanza kufanya hivyo, kati ya helikopta kumi nilikuwa nikizipata saba au nane, wakati mwanzoni nilipata mbili.

Mlio wenyewe una maelezo yake. Mi-8 ina mapanga matano ya juu, yanayozunguka mara tatu na kidogo kila sekunde, kwa hiyo hewa hupigwa takriban mara 16 kwa sekunde. Hilo ni pigo la chini mno, liko kwenye mpaka wa kile ambacho sikio la binadamu linaweza kukiita sauti, ndiyo maana mara nyingi kioo cha dirisha na mabati huitika kabla ya wewe kusema umesikia kitu. Aidha, tuko juu. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1460 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo cha mita 1500 hewa ina uzito wa asilimia 86 tu ya ile ya pwani. Mapanga yanashika hewa kidogo zaidi, injini zinavuta hewa kidogo zaidi, na helikopta iliyobeba mzigo mzito hupanda polepole, mara nyingine baada ya kukimbia kwanza kwenye lami kama ndege ya kawaida badala ya kunyanyuka wima. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuziona chini hivyo juu ya nyumba. Sababu nyingine ni ya kijeshi na inajulikana popote penye vita: chombo kinachoruka chini humpa anayetaka kukipiga muda mfupi wa kukiona.

Ndani ya darubini, mambo ya kutazama ni machache, na mtu asiye na elimu ya ndege anaweza kuyashika ndani ya wiki. Rangi inatangulia. Helikopta za ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ambao ulikuja mwaka 1999 kwa jina la MONUC na kuitwa MONUSCO tangu Julai 2010, hupakwa rangi nyeupe na kuandikwa UN kwa herufi nyeusi kubwa. Kwa ukuzaji wa mara nane herufi hizo zinasomeka kutoka mbali kuliko nilivyotarajia. Za jeshi la taifa zina rangi za kijani au za mabaka. Baada ya rangi ni umbo. Mi-8 na ndugu yake Mi-17 ni pana tumboni, zina madirisha ya duara ubavuni na magurudumu ambayo hayaingii ndani. Kuzitofautisha kuna siri moja ambayo ilinifurahisha sana nilipoithibitisha kwa macho yangu: rafadha ndogo ya mkiani iko upande wa kulia kwa Mi-8 ya zamani, na upande wa kushoto kwa Mi-17. Mi-24 ni ya mashambulizi, ina mabawa mafupi yanayobebea silaha, na magurudumu yake huingia ndani ya tumbo, kwa hiyo ikiwa mbali inaonekana nyembamba na laini kwa chini. Ile ya Afrika Kusini iitwayo Oryx inatokana na Puma ya Kifaransa, nayo ina mapanga manne badala ya matano. Afrika Kusini hiyo hiyo ilileta pia Rooivalk, helikopta ya mashambulizi ambamo marubani wawili hukaa mmoja nyuma ya mwingine, kwa ajili ya brigedi ya kuingilia kati ya Umoja wa Mataifa, iliyoundwa kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Machi 2013.

Sitaandika hapa zilipita saa ngapi, zilielekea wapi wala zilikuwa ngapi. Sikuyaweka hata kwenye daftari langu, na ninamsihi kila anayesoma asiyaweke. Kujua ni ya nani ili kuwatuliza watu wa nyumbani ni jambo moja. Kuhesabu safari za jeshi lolote ni jambo jingine kabisa, na katika mji wetu jambo hilo la pili linaweza kumgharimu mtu maisha yake au ya rubani asiyemjua.

Kwa sababu hiyo hiyo nilikwenda kwa chefu wa avenyu wetu, yaani kiongozi wa barabara yetu, kabla sijaitumia darubini hata mara moja, nikamwonyesha kifaa na kumweleza nia yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Mwalimu, mimi nakufahamu, lakini askari wa doria hakufahamu.» Tulikubaliana kwamba nitaitumia barazani kwangu tu, ndani ya ua, kamwe si barabarani wala juu ya paa, na kwamba siku za mapigano ya karibu itakaa kabatini. Nimeyashika masharti hayo, na ninayachukua kama sehemu ya maelekezo ya matumizi ambayo mtengenezaji hakuyaandika. Kuhusu kupiga picha, jibu langu ni hapana bila nyongeza. Simu iliyonyanyuliwa kuelekea helikopta inaonekana kwa kila mtu kuwa ni upelelezi, na hata picha yenyewe haitakuonyesha zaidi ya kidoa cheusi juu ya mawingu.

Wengine wameniuliza kwa nini nisitumie programu za simu zinazoonyesha ndege kwenye ramani, ambazo nyingi ni za bure. Nimezijaribu. Ni nzuri kwa ndege za abiria zinazopita juu sana kuelekea Kigali au Entebbe. Zinafanya kazi kwa kupokea ishara ambayo ndege yenyewe huitoa kwa redio kwenye masafa ya megahezi 1090, ikisema mimi ni fulani, niko hapa, kimo changu ni hiki. Ishara hiyo huenda kwa mstari ulionyooka, haipindi nyuma ya mlima, na ni lazima kuwe na mpokeaji karibu aliyeunganishwa na intaneti. Helikopta inayoruka mita 150 katika mji ulioegemea volkano ya Nyiragongo yenye kimo cha mita 3470, huku vilima vya Masisi vikiwa upande wa pili, imefichika kwa wapokeaji wa mbali hata kama inatoa ishara. Na helikopta ya kijeshi iliyo kazini kwa kawaida haina haja ya kuitoa. Hivyo mtu hukaa akitazama ramani tupu ilhali nyumba yake inatetemeka, na kwa mtoto hilo ni baya kuliko kutokuwa na ramani kabisa.

Nimemtaja mtoto. Februari 2024, mapigano yalipoukaribia mji jirani wa Sake, dada yangu alikuja kwetu na binti yake wa miaka saba. Mtoto huyo, kila aliposikia mapanga, aliingia chini ya meza na kubaki huko hata dakika ishirini baada ya kimya kurudi, na hakuna neno letu lililomtoa, kwa kuwa maneno yetu yalikuwa ni ya kumbembeleza tu na yeye alilijua hilo. Siku moja ya Aprili nilipata helikopta nyeupe ikija taratibu juu ya ziwa, mbali kiasi cha kutosha, nikamwita. Hakuja. Dada yangu akamtoa kwa mikono yake, nikamshikilia darubini kwa sababu ilikuwa nzito kwake, na nikamwambia asitazame kitu kingine isipokuwa herufi. Alinyamaza kidogo, kisha akazisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, jinsi alivyofundishwa shuleni. Sisemi hofu iliisha siku hiyo. Aliendelea kwenda chini ya meza kwa wiki kadhaa, lakini alianza kuuliza akiwa huko chini: «Mjomba, ina rangi gani?» Na mimi nilikuwa na jibu la kweli la kumpa, liwe zuri au baya. Kwa dola 85 sijui ni kitu gani kingine ningeweza kumnunulia ambacho kingefanya hivyo.

Hatari kubwa ya kifaa hiki kwa mtoto, na kwa mtu mzima pia, ni jua. Goma iko chini kidogo ya nyuzi mbili kusini mwa ikweta, na kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa nane mchana jua liko juu sana kwa mwaka wote. Mwezi wa Machi na Septemba liko karibu utosini kabisa. Helikopta ya chini nayo hupita utosini. Mkono unaoifuata kwa darubini unaweza kulivuka jua kwa nukta moja tu, na nukta hiyo inatosha kuunguza ndani ya jicho bila maumivu ya kukuonya. Sheria ya nyumba yetu ni kwamba saa za mchana darubini hainyanyuliwi juu ya kimo cha paa la jirani.

Sasa kasoro zake. Inapokuwa na mwanga hafifu inajitahidi, na saa kumi na mbili jioni bado inaonyesha umbo vizuri, kwa kuwa ukigawanya milimita 42 za lenzi ya mbele kwa ukuzaji wa mara 8 unapata mwanga wenye upana wa milimita 5 na robo, ambao unalitosha jicho wakati wa magharibi; ile ya 20x50 ingekupa milimita 2 na nusu tu. Lakini kingo za picha hazina ukali wa katikati, na kitu cheupe dhidi ya mawingu angavu kinapata mstari mwembamba wa zambarau ukingoni. Kwa kutambua helikopta hilo halinisumbui. Kilichonisumbua ni pete ya kushikia kamba ya shingoni, ambayo ilivunjika mwezi wa tano, na darubini yenye gramu 700 ikaangukia kwenye mawe ya volkano ya uani kwetu. Mungu alisaidia, ilitua kwa upande wa mpira, na jaribio la nyaya za umeme lilionyesha kwamba mapipa hayakupinda. Nilirudi dukani, bila karatasi ya dhamana sikuwa na la kudai, ila yule kijana alinitafutia pete ya chuma kutoka kwenye kamera mbovu na kuifunga bila malipo. Gurudumu la katikati nalo limekuwa gumu asubuhi za baridi wakati wa mvua.

Vumbi letu ni adui wa pekee. Vumbi jeusi la volkano si kama vumbi la udongo. Ni chembe za kioo na jiwe, na ukilisugua kwa kitambaa juu ya lenzi unachora mikwaruzo ambayo haitoki. Puliza kwanza kwa mpira wa kupulizia, ule wanaouza kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya pua za watoto wachanga, halafu tumia brashi laini, na kitambaa kiwe cha mwisho kabisa. Yangu ina mikwaruzo miwili, yote ya mwezi wa kwanza, kabla sijalijua hilo.

Kwa mkazi wa Bunia au Beni, ambako mapanga bado yanasikika juu ya mabati, ninaipendekeza darubini ya aina hii bila kusita, ilimradi awe na ua wake mwenyewe na kiongozi wa mtaa anayemfahamu. Kama huna ua, au unaishi kando ya kambi au uwanja wa ndege, usiinunue. Hakuna ujuzi wa rafadha unaostahili kukufikisha mbele ya askari mwenye hasira. Asiyepata 8x42 achukue 7x50, ambayo ni nzito zaidi lakini ina utulivu mzuri mkononi. Akiambiwa namba ya kwanza inayozidi kumi, ashukuru na kuendelea na safari yake.

Hapa Goma uwanja wa ndege ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, na tangu hapo milio juu ya Himbi imepungua sana. Darubini haikuwekwa kabatini. Usiku, mitumbwi ya wavuvi wa sambaza inapowasha taa zake ziwani, mtoto wa dada yangu huketi barazani na kuzihesabu, na upana ule ule wa nyuzi 7.5 unamwezesha kuona kundi zima la taa bila kuhamisha mikono. Bado anaposikia chochote angani huiteremsha kwanza, anasikiliza, anatafuta kwa macho matupu mbele ya mlio, ndipo anainyanyua. Kamba nimeifupisha mara mbili ili imkae yeye.